Fundi Kapewa Kiti, Kalamu Hakupewa: Uchambuzi wa Kisa cha Chuo Kikuu cha Sanaa

Kisa hiki kilitokea katika chuo kikuu cha sanaa kinachohudumia majimbo kadhaa ya nchi yake. Jina la chuo, nchi, aina ya ngoma na majina ya wahusika vimeondolewa, na mambo madogomadogo yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wakuu wa idara, wasajili na wahadhiri wanaofikiria kumwajiri bingwa wa sanaa ya jadi asiye na shahada. Wengi hudhani ugumu upo kwenye kumwajiri. Hapa ajira ilipatikana kwa wiki chache tu, na mgogoro ukaja kuzuka kwenye fomu ya alama.

Usuli

Chuo kilizaliwa kwa kuunganisha vyuo vitatu vya zamani: cha muziki, cha maigizo na ngoma, na cha uchoraji na uchongaji. Muungano wa namna hii si jambo geni. Taasisi ya Sanaa ya Indonesia mjini Yogyakarta ilipatikana hivyohivyo mwaka 1984. Sheria iliyoanzisha chuo chetu ilikipa kazi mbili, kufundisha sanaa hadi ngazi ya shahada na kuhifadhi sanaa za jadi za ukanda wake. Ukizisoma pamoja zinapendeza. Zikifika kwenye ratiba na ikama ya watumishi, zinagombana.

Mamlaka ya ithibati, yaani chombo cha kuidhinisha vyuo na kozi zake, ilitaka kila anayefundisha awe na elimu ya ngazi moja juu ya ile anayoifundisha. Kwa hiyo kozi ya ngoma za jadi ilikuwa mikononi mwa wahadhiri wawili wenye shahada ya uzamili. Wote wawili walikuwa watu makini na waliipenda kazi yao. Lakini ngoma hizo walizijua kwa kuzitafiti, kuzirekodi na kuziandikia. Hakuna aliyewahi kukaa nyuma ya ngoma kuu usiku kucha huku wachezaji wakimtegemea yeye.

Kozi ilikuwa ya mihula minne. Wanafunzi walifaulu vizuri, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeuliza swali kwa muda mrefu.

Ripoti ya mtahini wa nje

Katika ngoma hii mpigaji wa ngoma kuu ndiye anayetoa wito. Akiona wachezaji wamekolea, anapiga kishazi fulani, yaani mfuatano mfupi wa mapigo, na wote wanageuka. Akiona mmoja amechoka au amepoteza hatua, anawashikilia palepale mpaka warudi pamoja. Wapigaji wengine wanashikilia mdundo usioyumba. Yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuyumba, na anayumba kwa kuwafuata wachezaji.

Mtahini wa nje, katika onyesho la mwisho la wahitimu, aliomba jambo moja dogo. Alimnong'oneza mchezaji wa mbele achelewe kidogo kumaliza mzunguko. Mchezaji akachelewa. Mpigaji hakuona, alihesabu mapigo nane, akatoa wito, akageuza ngoma. Nusu ya wachezaji waligeuka, nusu wakabaki wanaangalia upande wa pili. Mtahini alijaribu kwa mpigaji wa pili na wa tatu, ikawa vilevile. Wote walikuwa wamejifunza kutoka kwenye rekodi moja iliyoandikwa kwa nota, na katika rekodi ile mzunguko ulikuwa wa nane.

Ripoti yake ilikuwa fupi: wahitimu wanaijua ngoma kama maandishi, na hakuna anayeweza kuongoza kikundi. Alipendekeza chuo kitafute bingwa.

Kumpata Fundi na kumwandikia cheo

Bingwa alipatikana upesi, maana alikuwa anajulikana. Nitamwita Fundi, kama wanafunzi walivyomwita. Alikuwa na umri mkubwa, hakuwa na cheti chochote, na alikuwa amefundisha vijana nyumbani kwake kwa miongo kadhaa.

Idara iliweka mezani njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kumlipa kwa saa kama mkufunzi wa muda. Ya pili, kumwingiza katika muundo wa watumishi usio wa wahadhiri. Ya tatu, kuiomba Seneti, baraza la taaluma la chuo, iunde cheo kipya cha msanii bingwa chenye haki ya kufundisha na kutahini. Mkuu wa Idara alikuwa anaitaka ya tatu. Ikachaguliwa ya pili, kwa sababu mwaka wa fedha ulikuwa unaisha na nafasi isiyojazwa ingefutwa. Kubadili kanuni kungechukua mwaka mzima. Uamuzi huo ulieleweka, na mimi ningekuwa kwenye kiti kile huenda ningeufanya uleule.

Ila katika muundo ule hapakuwa na kundi linalomfaa. Akawekwa kwenye ngazi ya mafundi wa maabara. Kwenye hati yake ya mshahara mtu anayejua ngoma kuliko chuo kizima alisomeka kama mtunza vifaa. Watu walicheka, yeye mwenyewe akacheka. Kumbe cheo kile kilibeba kifungu ambacho hakuna aliyekisoma kwa makini: mtumishi wa kundi hilo hasaini matokeo ya mtihani.

Vyuo vingine vimepita hapa kwa njia tofauti. Chuo Kikuu cha Wesleyan nchini Marekani, tangu miaka ya 1960, kiliwaleta mabingwa wa muziki wa Asia na Afrika kama wasanii wakaazi, yaani wasanii wanaokaa chuoni na kufundisha. Nchini Ghana, kikundi cha taifa cha ngoma kilichoundwa mwaka 1962 kilifungamanishwa na Taasisi ya Taaluma za Afrika ya Chuo Kikuu cha Ghana, wapigaji na watafiti wakawa chini ya paa moja. India nayo, mwaka 2022, kupitia tume yake ya vyuo vikuu, iliweka cheo cha profesa mtendaji kinachomruhusu mtu mwenye uzoefu wa miaka 15 kufundisha bila kudaiwa vyeti vya kawaida. Kwa hiyo mlango upo, tena umeshafunguliwa na wengi. Chuo chetu kiliingilia dirishani, na hilo lilikuja kukigharimu.

Muhula wa kwanza: ngozi, moto na ratiba

Darasa la kwanza lilipangwa katika ukumbi mpya wa ghorofani: sakafu ya mbao, vioo, kiyoyozi. Fundi aligonga ngoma mara moja, akaiweka chini. Ngozi ilikuwa imelegea. Ngozi ya mnyama hunywa unyevu wa hewa na kulegea, na ikipata joto hukauka na kukaza. Ndiyo maana wapigaji hupasha ngoma moto kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko. Akaomba moto. Ukumbi ule ulikuwa na vitambua moshi darini na tangazo la kukataza hata mshumaa.

Idara ya majengo ililetewa barua, ikajibu kwa barua. Ikashauri zitumike ngoma za ngozi ya plastiki, ambazo hazilegei. Fundi alizijaribu kwa heshima, akasema hizi hazina cha kumfundisha mtoto, kwa sababu haziharibiki mkononi. Alichomaanisha kilikuja kueleweka baadaye: sehemu ya kwanza ya mafunzo yake ni mwanafunzi kuisikia ngoma ikishuka sauti pole pole, na kujua lini aipeleke kwenye joto bila kuambiwa. Asiyesikia ngozi ikilegea hawezi kumsikia mchezaji akichoka.

Suluhisho lilitoka kwa watu ambao hawakuwa kwenye kikao. Mhadhiri wa ufinyanzi, jirani wa uani, alikuwa na tanuri linalochomwa karibu kila wiki. Akamwambia Fundi alete ngoma zake pembeni ya ukuta wa tanuri. Darasa likahamia uani. Ndani ya mwezi mmoja wanafunzi wa uchongaji walikuwa wamesogea, wanauliza magogo gani yanafaa na ukuta wa ngoma uwe mnene kiasi gani. Wawili wakachonga ngoma, na wapigaji wakawamba ngozi. Chuo kilichounganishwa kutoka vyuo vitatu, kwa miaka yote ile, kilikuwa hakijawahi kuwa na kozi inayowakutanisha. Kikapata moja bila kuipanga, kwa sababu ya kitambua moshi.

Ratiba ilikuwa tatizo la pili. Mtaala uliweka saa mbili kwa wiki. Fundi alisema saa mbili zinatosha kusalimiana tu. Mkuu wa Idara akazikusanya saa zote za muhula katika vipindi vitatu vya siku nzima nzima. Idara nyingine zililalamika kwamba wanafunzi wanakosa mihadhara yao, na walikuwa na haki. Lakini maendeleo yalionekana kwa macho, hata waliolalamika walikuja uani kutazama.

Kurekodi nako kulileta mvutano mdogo. Mkataba wa ajira ulisema kila kazi inayozalishwa kazini ni mali ya chuo, na kitengo cha kumbukumbu kilitaka kupiga video vipindi vyote. Fundi alikubali baadhi na kukataa vingine, akieleza kuwa vishazi fulani si vyake kuvigawa. Kikaongezwa kipengele: kila rekodi iombewe ridhaa yake, na matumizi yake yaandikwe. Jambo hilo lilimalizwa vizuri na sina zaidi ya kusema.

Mtihani

Fundi hakumpa kila mwanafunzi ngoma kuu. Wengine aliwaweka kwenye ngoma ndogo muhula mzima. Wengine aliwaagiza wacheze tu, wasiguse ngoma. Wanafunzi wakalalamika kwa Mkuu wa Idara kuwa wamelipa ada na hawajagusa chombo wanachosomea. Fundi alijibu kwamba hao anaowachezesha ndio aliowatazamia makubwa.

Jedwali la vigezo vya mtihani lilikuwa limeandikwa miaka mitatu kabla hajafika. Lilidai kila mwanafunzi apige ngoma kuu mbele ya jopo, na lilipima usahihi wa mdundo, mbinu za mkono, kumbukumbu ya vishazi na uwasilishaji. Hapakuwa na mstari wowote kuhusu wachezaji. Mwenye kusaini alama alikuwa mmoja wa wale wahadhiri wawili, nitamwita Mhadhiri. Fundi alikaa kwenye jopo kama mshauri.

Wanafunzi wawili ndio waliolipua jambo. Wa kwanza alikuwa na mikono mepesi kuliko wote. Vishazi vyote anavyo, havimpotei. Wa pili alikuwa mzito, mara nyingine anakosa pigo, lakini macho yake hayabanduki kwenye miguu ya wachezaji. Fundi alisema wa pili yuko tayari kuongoza, na wa kwanza bado. Mhadhiri alifuata jedwali: wa kwanza akapata A, wa pili C.

Siku iliyofuata Fundi hakuja mtihanini. Hakugombana na mtu. Alimpigia simu Mkuu wa Idara na kumwambia kuwa wanafunzi wote sasa wamejua ni nani wa kumsikiliza, basi wamalizie na huyo.

Ni vizuri kumtendea haki Mhadhiri hapa. Angeweza kuongeza alama za wa pili kimyakimya na watu wote wakaridhika. Hakufanya hivyo kwa sababu vigezo vilikuwa vimetangazwa kwa wanafunzi mwanzoni mwa muhula, na kuvigeuza baada ya mtihani kungekuwa dhuluma kwa wa kwanza, ambaye alifanya hasa kile alichoambiwa kitapimwa.

Uamuzi wa Seneti

Kikao kilikuwa kirefu. Kundi moja lilitaka alama zirekebishwe kwa maoni ya Fundi. Kundi jingine lilisema huu ndio ushahidi kwamba chuo kikuu hakiwezi kutahini kwa hisia za mtu mmoja. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na kila upande ulikuja na kanuni inayoupendelea.

Seneti iliamua mambo manne. Alama zilizotolewa zibaki kama zilivyo. Kuanzia mwaka unaofuata, mtihani ufanywe na wachezaji ambao mtahiniwa hajawahi kufanya nao mazoezi, na mmoja wao aelekezwe kwa siri avuruge mpangilio. Fundi apewe nusu ya uzito wa alama, na hukumu yake iandikwe kwa maneno yake matatu: tayari, karibu, bado. Na "bado" isihesabiwe kufeli, bali mwanafunzi aendelee na kutahiniwa tena ndani ya mwaka. Cheo cha Fundi kilibadilishwa kuwa msanii mkaazi, kwa mkataba wa miaka miwili, chenye haki ya kusaini.

Uamuzi wa kutogusa alama za zamani ulimuudhi Fundi mwanzoni. Mkuu wa Idara alikwenda nyumbani kwake, hakumwita ofisini, akamweleza sababu. Fundi akarudi.

Matokeo

Mtihani mpya ulibadilisha ufundishaji kabla haujafanyika hata mara moja. Wanafunzi walipojua kwamba wachezaji watakuwa wageni na mmoja atawavuruga, waliacha kuhesabu nane. Walianza kuomba wenyewe kucheza, jambo walilolilalamikia mwaka uliopita. Mtahini wa nje aliporudi aliandika kuwa sasa wapo wahitimu wanaoweza kuongoza, ingawa si wote.

Neno "bado" lilileta madhara ambayo hakuna aliyeyaona mapema. Kwenye mfumo wa Msajili lilisomeka kama matokeo pungufu, na wenye matokeo pungufu husimamishiwa mkopo wa masomo. Wanafunzi wawili walikaa muhula mzima bila fedha ya kujikimu, mmoja akaacha chuo. Mfumo ulirekebishwa baadaye, lakini aliyeondoka hakurudi.

Mhadhiri alijiandikisha kwa Fundi kama mwanafunzi, siku ambazo hafundishi. Fundi alimweka kwenye ngoma ndogo.

Uchambuzi

Watu wengi waliosoma kumbukumbu za kisa hiki wanakiona kama ugomvi wa jadi na usomi. Sikubaliani nao. Fundi na Mhadhiri hawakuhitilafiana juu ya nini ni kizuri. Mhadhiri mwenyewe alikiri mbele ya Seneti kwamba yule wa pili ndiye kiongozi wa kweli. Walitofautiana juu ya kile jedwali lilichoruhusu kuonekana. Jedwali lilipima mpigaji akiwa peke yake, kana kwamba ngoma hii ni kinanda. Kuongeza mstari mmoja wa kupima jinsi anavyowajibu wachezaji, mwaka mmoja mapema, kungeokoa mengi, na kazi hiyo haikuhitaji cheo kipya wala ruhusa ya mamlaka yoyote. Ripoti ya mtahini wa nje ilikuwa tayari imesema tatizo ni lipi. Idara iliisoma kama ripoti ya upungufu wa mtu, ikaajiri mtu, mtihani ukaachwa vilevile.

Kosa la cheo ni la aina nyingine. Kumwingiza Fundi kama fundi wa maabara kuliokoa nafasi ya ajira, na hilo sitalidharau. Lakini barua ya ajira ilipaswa kuandamana siku hiyohiyo na ombi kwa Seneti. Halikuandikwa mpaka yalipotokea yaliyotokea. Suluhu ya dharura isiyokuwa na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa muundo wa kudumu, na kila mtumishi wa chuo anajua mifano yake.

Mtihani wa wachezaji wageni ndio jambo bora lililotoka humu, na vyuo vingine vinaweza kuuchukua bila kubadili chochote kingine. Ubora wake ni kwamba haukuhitaji kumwamini Fundi kwa macho yaliyofumbwa. Wachezaji wakigeuka pamoja, ukumbi mzima unaona. Wakigawanyika, unaona pia. Hukumu ya bingwa ikapata ushahidi ambao hata mwenye shaka angeweza kuutazama, na wale waliosema "hisia za mtu mmoja" walinyamaza bila kushindwa kwa hoja.

Sina hakika na uamuzi wa kumpa Fundi nusu ya alama. Ulikuwa wa maelewano zaidi kuliko wa kielimu. Kugeuza "bado" kuwa tarakimu kunairudisha hukumu palepale ilipotoroka, na ndiko kulikozaa balaa la mikopo. Ningependelea hukumu ya Fundi iwe sharti la kuhitimu kozi, isiyo na tarakimu, na alama zitokane na mtihani wa wachezaji. Msajili angeliona "bado" kama sharti ambalo halijatimizwa, si kama somo lililoanguka. Ila hoja hii haikuletwa kikaoni, na Msajili hakualikwa.

Kuna suala la muda pia. Utaratibu wa India wa profesa mtendaji niliotaja unaweka ukomo wa miaka mitatu, ikilazimu minne, na maprofesa hao wasizidi asilimia 10 ya nafasi za wahadhiri. Kwa mtaalamu wa viwanda anayekuja kugawa uzoefu, muda huo unatosha. Kwa ngoma inayochukua miaka mitano kumtoa kiongozi mmoja, bingwa anaondoka kabla mwanafunzi wake wa kwanza hajaiva. Chuo chetu kimetoa miwili. Japani, kwa sheria yake ya mwaka 1950 ya kulinda mali za utamaduni, ilikwenda njia nyingine: dola humtambua bingwa mwenyewe na kumpa ruzuku ya yeni milioni mbili kwa mwaka ili aendelee kuinoa kazi yake na kulea warithi. Chuo kikuu hakiwezi kufanya ya dola, lakini kinaweza kuazima fikra: kulipia urithishaji wenyewe, na kuupima kwa warithi waliopatikana. Kerala Kalamandalam, shule ya sanaa za jadi ya India iliyoanzishwa 1930, ilikuwa imelea wanafunzi kwa miaka mingi chini ya walimu wao kabla haijapewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2006. Kule desturi ya mwalimu na mwanafunzi ilitangulia kanuni. Vyuo vinavyoanza na kanuni vina kazi ngumu zaidi, na havina budi kujua hivyo tangu mwanzo.

Pengo kubwa lililobaki ni mrithi wa Fundi mwenyewe. Kati ya vijana aliowalea nyumbani, wawili wana uwezo wa kufundisha, na hakuna mwenye shahada. Idara imependekeza waajiriwe kama wasaidizi na wasomee shahada humohumo, wakitahiniwa ngoma na jopo lisilo na Fundi. Mamlaka ya ithibati imeomba maelezo ya ziada. Mkataba wa Fundi unakwisha mwakani, na tanuri la uani limepangwa kuhamishwa ili kupisha maegesho ya magari.